Zulia la ukumbini, nyumba ya mawe Lamu: hili linalonuka nilifanyeje, na jipya ninunue la nini?

BintiLangoni

Assalam alaykum wadau. Naomba ushauri hasa kwenu mlio pwani, maana nikiwauliza jamaa wa bara huniambia mambo ya zulia la kuzuia baridi, na huku baridi hatuna, tuna unyevu na mchanga.

Nakaa Lamu, Langoni, nyumba ya mawe ya zamani, ukumbi uko chini na sakafu ni ya chokaa. Tuna zulia kubwa rangi ya damu ya mzee lina maua ya krimu, zuri tu, sasa tangu masika yaanze linanuka. Si uvundo wa kukimbiza mtu lakini ukitoka nje ukaingia unajua kuna kitu. Nikiinua pembe naona mgongoni kunatoka unga mweupe, na sakafuni pamebaki alama kama gundi. Aliyeniuzia huko Mombasa, duka silitaji, aliniapia ni sufi tupu ya kondoo na bei ilikuwa ya sufi.

Hayo ni moja. La pili, mwezi wa 12 tuna harusi nyumbani inshaallah, wageni wa kike watakaa chini ukumbini, na bwana ameng'ang'ania tutandike zulia chumba kizima ukuta hadi ukuta ati ndio kisasa. Mie moyo wanikatalia lakini sina hoja ya kumpa. Watoto ninao, chai inamwagika kila siku, wali twala hapo hapo, na mchanga waingia hata viatu tukivua mlangoni. Nisaidieni.

fundi_mazulia_mld

Waalaykum salam dadangu. Kazi yangu ni kuosha mazulia na makochi hapa Malindi, Watamu na Mambrui naenda pia nikiitwa, kwa hivyo haya ya pwani nayaona kila wiki.

Kabla hujapiga maji jua kwanza zulia ni la nini, usiende na maneno ya muuzaji. Chomoa nyuzi kidogo upande wa chini pembeni mahali hapaonekani. Zitie kwenye gilasi ya maji yenye tone la sabuni, zifinyefinye ndani ya maji mpaka mapovu ya hewa yatoke, kisha ziachie. Zikielea basi ni polipropilini, ile kwenye lebo huandikwa PP, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. Sufi inazama, nailoni inazama, polista inazama. Halafu chukua uzi mwengine ushike na kibanio uuwashe kwa kiberiti, uwe karibu na sinki tafadhali. Sufi inanuka nywele zilizoungua, inajizima yenyewe na inaacha jivu unalolisaga kwa vidole. Za viwandani zinayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Huo unga mweupe nao unaweza kuwa vitu viwili. Mazulia mengi ya bei yetu nyuzi zake hazikufumwa, zimechomekwa kwenye kitambaa zikashikizwa na gundi ya mpira iliyochanganywa na unga wa chokaa. Joto na unyevu ukikaa, gundi inakufa inakuwa unga. Lakini nyumba za mawe zinatoa chumvi pia kutoka ukutani na sakafuni. Chota unga kidogo utie kwenye kijiko cha maji. Ukiyeyuka ni chumvi, ukikaa chini hauyeyuki ni gundi. Nijibu umeona nini ndio tuendelee.

Mpwani_Kweli

Weka tailisi uachane na hizi presha. Zulia pwani ni kumfuga vumbi ndani ya nyumba 😂

mama_maweni

@Mpwani_Kweli na wageni wa harusi watakaa juu ya tailisi? Wewe ushakaa chini kwenye tailisi masaa matatu maulidini ukainuka na kiuno chako?

UmmuAmiin

Mwanangu Binti, salamu kwako na kwa mamako. Mie ni wa Mkomani, mtaa wa hapo hapo Lamu, na nyumba ni za aina moja kwa hivyo nisikize.

Hoja ya kumpa mumeo ni hii. Sakafu ya chokaa si simenti, yavuta unyevu kutoka chini na kuutoa juu, na kuta za mawe ya matumbawe ni vivyo hivyo, ndio maana nyumba zetu hukaa na ubaridi mtamu. Ukiifunika yote ukaigundisha, ule unyevu hauna ndia ya kutokea, utakaa baina ya zulia na sakafu na hapo ndipo ukungu unapozaliwa. Watu wamefanya huku, wageni zaidi walionunua majumba, na baadae walibandua kila kitu na chokaa ikatoka nayo. Kuitengeneza sakafu ya chokaa yeo si rahisi, mafundi wenyewe wa kuipiga na kuisugua wamebaki wachache.

Na jambo la pili, kumbi zetu ni nyembamba ndefu. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kiasi cha mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, hazipiti. Sasa mazulia ya dukani mengi ni mita 2 kwa 3 au 3 kwa 4. Hili la 3 kwa 4 ukilileta litapanda ukutani au ulikate. Pima kwanza. Mie nna mawili ya mita 2 kwa 3 yamefuatana, pembeni imebaki nafasi ya sakafu kuvuta pumzi, na likichafuka moja naosha moja.

Chini ya zulia tandika mkeka. Si plastiki, si ile mpira ya vitobo, hiyo hunata kwenye chokaa na rangi yake hubaki. Jamvi la kawaida au mkeka wa Kipungani ama Matondoni, wa ukindu au miyaa, unapitisha hewa na mchanga ukishuka unabaki juu ya mkeka, waukung'uta kila juma.

Na sufi usinunue ikiwa kuna harusi. Harusi si harusi bila hina. Hina yashika nywele na kucha, na sufi nayo ni nywele za kondoo, ikidondoka hapo haitoki mpaka wajukuu waje waione. Piko, ile nyeusi, ndio usiseme.

nahodha_shela

Mnamtisha mtoto wa watu bure. Wakati wetu zulia likinuka lilipakiwa juu ya punda, likapelekwa ufukweni maji kupwa, likasuguliwa na mchanga wa bahari, likaanikwa, jioni linarudi safi. Maji ya bahari hayana gharama.

fundi_mazulia_mld

@nahodha_shela ami kwa heshima zote hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Jamvi sawa, mkeka sawa. Zulia la nyuzi hapana. Chumvi ikibaki ndani inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hivyo zulia mchana linakauka likipigwa jua, usiku hewa ikiwa nzito linarudi kuwa la majimaji, na ndio hiyo harufu isiyoisha. Mteja akiniletea zulia la nyumba za mbele ya bahari huwa naligusa kwanza asubuhi, likiwa na ubichi na halikumwagiwa kitu basi najua limelowa chumvi. Na mchanga wa bahari ni chembe kali, kila ukikanyaga unakata nyuzi kwenye mizizi, wewe waona zulia linapata upara tu mlangoni wadhani limezeeka.

Hata maji ya kisima chenye chumvi yanaleta shida hiyo hiyo japo kidogo. Huko Lamu mna bahati ya maji ya vilima vya mchanga vya Shela, hayo ndio ya kusuuzia, si lazima kuoshea lakini maji ya mwisho yawe matamu.

nahodha_shela

Maji ya Shela nitie kwenye zulia!! Hayo tunagombania ya kunywa bwana.

BintiLangoni

Nimerudi. Nyuzi zimeelea 😡 Nimezitia mara ya pili nikazifinya vizuri zikapanda juu tena. Nikawasha, zikayeyuka, harufu kama ya mshumaa, kidonge kikabaki kwenye kibanio. Sufi tupu yangu hiyo. Unga nao mwengine umeyeyuka mwengine umebaki chini ya kijiko, sijui hilo nalo lina maana gani.

Maswali yamezidi: (1) Nikiliosha litapona au gundi ndio imekwisha? (2) Kuna mahali chetezo kilipinduka, pamekuwa pagumu peusi ukubwa wa shilingi ishirini. (3) Kuna doa la manjano la mchuzi, nimesugua na sabuni likawa jekundu kisha likarudi manjano, nikaogopa. Jirani anasema nitie jiki.

UmmuAmiin nimemsomea bwana hayo ya chokaa, amenyamaza, dalili nzuri.

mama_maweni

Doa la manjano kuwa jekundu ni kawaida shoga, bizari ikikutana na sabuni hufanya hivyo, wala si zulia lako kuharibika. Acha kusugua. Kamua na kitambaa kibichi, kisha weka mahali pale juani, jua linaila rangi ya bizari polepole, siku mbili tatu utaona imefifia. Mie vitambaa vyangu vya meza vyote nafanya hivyo.

Na nikuongezee kuhusu sufi kabla mtu hajakushawishi. Tuliletewa moja na shemeji kutoka Ghuba, sufi ya kweli, la kufumwa kwa mkono, masha Allah zuri. Tukaliweka sebuleni, makochi juu yake. Kuja kuinua kochi, chini yake nyuzi zimeliwa zimebaki kamba tupu kwa njia njia, na vijidudu vidogo vimejifunga kwenye vifuko vya rangi ya zulia lenyewe. Nondo, wadudu wake wanakula sufi na hawataki mwangaza, palipotulia ndipo pao. Juu tunapokanyaga hapakuguswa hata uzi. Kwa hivyo sufi pwani yataka mtu wa kuihamisha hamisha na kuianika, si ya kutandika ukasahau. Za plastiki mdudu hazili.

Kapeti la manyoya marefu yale ya kupendeza picha pia achana nalo, mara nyingi ni polista. Mchanga unazama haupandi tena, mafuta ya pilau yanashika, na baada ya muda njia ya kwenda jikoni inalala inabaki imekandamizwa.

fundi_mazulia_mld

Haya dadangu, sasa tuna kitu cha kushika.

Unga kuyeyuka nusu maana yake yote mawili yapo, chumvi ya sakafu imepanda na gundi imeanza kufa. Gundi haiponi. Liinue, lipinde pembe moja mgongo ukiwa juu, kama kitambaa cha mgongo kinaachana na zulia ukivuta kwa vidole basi usitumie pesa kuliosha, kata sehemu nzima upate vipande viwili vya vyumbani. Kama kimeshika, osha, litakusogeza.

Kuliosha sasa hivi na mvua hizi usithubutu. Zulia likikaa bichi zaidi ya siku moja au mbili ukungu unaanza, na mengi hata ya plastiki mgongoni yana uzi wa gunia, huo ndio unanywa maji ukaoza na ukatoa rangi ya kahawia ikapanda juu. Nyuzi zenyewe za PP hazinywi maji, harufu yako haitoki kwenye nyuzi, inatoka mgongoni na kwenye uchafu wa chini. Kwa sasa lipandishe darini siku yenye jua, lilaze uso chini, mgongo juu, ulipige na fimbo bapa. Watu wanapiga usoni na mchanga unazidi kuzama, piga mgongoni uanguke. Ukiliinua utaona mchanga uliobaki sakafuni, utashangaa.

Mvua zikitulia, mwezi wa 8 hivi na upepo ukiwepo, anza asubuhi mapema. Kung'uta tena kwanza, mchanga ukilowa unakuwa tope na hautoki. Sabuni ya maji kidogo kwenye ndoo, brashi laini, fuata upande nyuzi zinapolala, usizungushe. Sabuni ya unga mie siipendi, ikibaki inanata na vumbi linarudi kabla wiki haijaisha. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Kisha kamua kwa ubao, unasukuma maji kuelekea pembeni kama unavyofagia, hapo ndipo kazi ilipo, usiliache likavuja lenyewe. Lianike juu ya boriti mbili zilizoachana ili hewa ipite katikati, usilitundike kwenye kamba moja, uzito wa maji utalivunja mgongo. Kabla hujalirudisha ingiza mkono baina ya nyuzi na mgongo, pakiwa na ubaridi bado halijakauka.

Jiki: nyuzi za PP nyingi rangi yake imo ndani ya plastiki tangu kiwandani kwa hivyo jiki iliyozimuliwa sana huwa haizidhuru, lakini uzi wa gunia ulio mgongoni na nyuzi za pamba zikiwepo itazila. Kwa hivyo mie sikushauri, na kama ingekuwa sufi ningekukataza kabisa kwa sababu jiki inayeyusha sufi. Fuata la mama_maweni la jua.

Palipoungua hapafufuki. PP inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, kaa la udi liko mbali juu ya hapo. Kata ile ganda ngumu kwa mkasi mdogo juu juu, kama limeingia ndani kata kipande cha mraba, na utoe kipande kama hicho chini ya kabati ukibandike kwa gundi ya mpira. Angalia nyuzi zilale upande mmoja, ukikosea upande kitaonekana kila siku. Hapo ndipo sufi inapoishinda plastiki, kaa likianguka sufi inaungua juu tu na kuzima. Lakini ukiweka chetezo ndani ya sinia umemaliza mjadala.

BintiLangoni

Kitambaa cha mgongo kimeshika isipokuwa upande wa mlangoni. Nitalikata huo upande. Na pindo lake litafumuka au?

mama_maweni

Litafumuka. Piga gundi ya mpira kwenye mstari kabla ya kukata, ikauke, ukate juu ya gundi. Halafu mpelekee fundi wa makochi akushonee utepe pindoni, cherehani ya nguo haitoboi.

BintiLangoni

Shukran. Sasa jipya. Nimeelewa si ukuta hadi ukuta na si sufi. Je nailoni? Kuna mtu ananiambia nailoni ndio ngumu kuliko zote.

fundi_mazulia_mld

Nailoni ni ngumu kweli, ukiikanyaga inainuka, PP ikilala imelala. Hotelini zinapopita sanduku za magurudumu kutwa ningesema nailoni. Lakini nailoni inapokea rangi, chai na juisi zikikaa zinaingia, hina pia inaweza kuishika, na bei iko juu. Kwa ukumbi wenu wa wali na chai na watoto, PP fupi iliyofumwa, nyuzi fupi kabisa, inatosha. Itakapolala mlangoni utaigeuza, ndio faida ya kuwa na mazulia mawili badala ya moja.

Dukani fanya hivi. Geuza mgongo. Ukiona maua yale yale ya mbele yanaonekana nyuma, limefumwa. Ukiona kitambaa kimebandikwa huoni maua, limegundishwa, na huko kwenu gundi haina maisha. Kisha likunje juu ya goti nyuzi zifunguke, ukiona mgongo waziwazi baina ya mistari basi nyuzi ni chache litapata upara haraka. Lebo isome, mengi yanatoka Uturuki siku hizi na huandikwa PP waziwazi, hakuna anayeficha isipokuwa muuzaji. Na ukiona linameta sana kama hariri na bei si ya hariri, muulize kama ni viskosi. Hiyo maji tu ya kunywa yakimwagika inaacha doa la manjano na nyuzi zinakuwa dhaifu. Mie wateja wakiniletea hiyo nawarudishia mlangoni.

Mpwani_Kweli

Mkonge je? Si tunaulima hapo hapo Vipingo, kwa nini tununue plastiki ya Uturuki.

fundi_mazulia_mld

Mkonge ni mzuri chumba kikavu, juu ghorofani. Tone la maji linaacha duara, ukilowa unasinyaa na kujikunja pembe, na kukaa chini unachoma miguu ya watoto. Mchwa pia wanaupenda. Kwa barza ya juu sawa, ukumbi wa chini wa kulia wali hapana.

UmmuAmiin

Na ukiagiza Mombasa mwambie alikunje kwa kulizungusha kama gogo, uso ndani, asilipige mikunjo kama shuka, mikunjo hiyo haitoki. Afunike na turubai. Mazulia mangapi yamefika gati ya Mokowe makavu yakarushiwa mai ya bahari kwenye boti kabla ya kufika Amu.

BintiLangoni

Nimeandika yote, Allah awalipe. Bwana amekubali mawili ya 2 kwa 3 na jamvi chini, ila rangi anataka krimu.

mama_maweni

Krimu kwenye harusi ya hina??

UmmuAmiin

Mwambie achague yeye, na aoshe yeye.

BintiLangoni

😂😂 Fundi, Lamu huji kabisa? Hili la zamani naogopa kulikamua peke yangu, ni zito.

fundi_mazulia_mld

Naja wakipatikana watu wa mazulia manne matano kwa safari moja, na wanipe pahali pa kuanikia penye upepo na maji matamu ya kusuuza. Mwezi wa 8 mwishoni naweza. Niandikie faragha vipimo.

UmmuAmiin

Niandike mie mawili. Na nahodha ana la baraza yake, mwaulizeni kama bado lina harufu.

nahodha_shela

Halina harufu. Lina hewa ya bahari. Niandikeni.